Kidonge cha wiki kisiandikwe 1×1

Mhariri,

Mamangu ana miaka 68. Mwaka jana mapaja yalimlegea na mifupa ikamuuma, hata ngazi za nyumba yetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, zikamshinda. Damu ilipopimwa, vitamini D ilikuwa nanogramu 9 kwa mililita, na chini ya 20 huhesabiwa upungufu. Majirani walistaajabu, na jua lote hili la Mombasa! Lakini mama ni mtu wa ndani, akitoka yumo ndani ya buibui. Daktari akamwandikia kapsuli za yuniti 50,000, moja kwa wiki, wiki 8 basi.

Duka la dawa likamuuzia boksi zima la 30, na juu ya bahasha wakaandika kama waandikavyo siku zote: 1×1, yaani kimoja mara moja kwa siku. Mama akazinywa kama anavyokunywa za presha, kimoja kila siku. Boksi lilipoisha akanunua jingine, wala hakuulizwa karatasi ya daktari.

Mwezi wa pili akaanza kutapika na kufunga choo. Jagi la maji kando ya kitanda lilikuwa likiisha kabla ya alfajiri, na usiku kucha yuko njiani kwenda msalani. Tukadhani ni sukari. Asubuhi moja akaniita kwa jina la dadake aliyekwisha kufariki. Hapo ndipo nilipoogopa.

Hospitalini wakakuta kalsiamu imepanda mno katika damu na figo zimeanza kuzidiwa. Alilazwa kwa dripu siku sita. Alipoulizwa anakunywaje dawa, alijibu bila wasiwasi: "Kila asubuhi, mwanangu, baada ya chai." Kumbe vitamini D, ambayo ikizidi hupandisha kalsiamu, hujiweka kwenye mafuta ya mwili, haitoki upesi. Na kidonge chake cha presha, haidroklorothiazaidi, huifanya figo ishikilie kalsiamu. Dukani hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani nyingine.

Wasomaji, hesabuni sifuri kwenye boksi: 5,000 na 50,000 hufanana kwa macho ya mzee. Bila usimamizi wa daktari, mtu mzima asivuke yuniti 4,000 kwa siku. Mwenye mawe ya figo aulize kwanza.

Nanyi wauza dawa, nawaomba sana, andikeni kwa maneno: "Kimoja kila Ijumaa." Kisha mwambieni mteja kwa mdomo. Mamangu haoni herufi ndogo, lakini Ijumaa haimpiti.

Binti wa Mji wa Kale,
Mombasa