Malalamiko: niliagiza 165/70R14, mkanifungia 155/65R14

Maweni, Malindi
12 Agosti 2025

Kwa Meneja wa Mauzo,
Duka la matairi, tawi la Malindi.

KUH: MATAIRI MANNE YASIYO SAIZI YA GARI LANGU

Salamu.

Mimi ni mpishi wa shughuli. Gari langu ni Toyota Vitz, na msilione dogo mkadhani kazi yake ni kwenda sokoni na kurudi. Wiki ya harusi hubeba masufuria, gunia la mchele, madebe ya mafuta na wasaidizi wangu, likavuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui na Gongoni, au likashuka Watamu. Matairi ya awali yalipoanza kuwa kipara nilipiga simu dukani kwenu. Kwa kuwa sipendi mambo ya kukisia, nikamtumia kijana wenu wa mauzo picha ya kile kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kimeandikwa 165/70R14. Akanijibu kwa ujumbe ambao ninao hadi leo: "Yapo mama, mapya, leta gari." Nikalipa shilingi 28,000 kwa M-Pesa, mwanangu akaleta gari, mimi nikaendelea kumenya vitunguu.

Gari likarudi linameremeta, matairi yamepakwa ile dawa nyeusi ya kung'arisha. Lakini bampu zile zile ambazo nimezipita miaka yote, nikiwa na mzigo ule ule, sasa zikawa zinalikwaruza tumbo. Nikalipeleka kwa fundi wangu atazame springi. Springi hakuzigusa. Alichutama, akawasha tochi ya simu, akasugua dawa yenu kwa kitambaa chenye petroli, kisha akaniita nisome mwenyewe. Ubavuni mwa tairi: 155/65R14 75Q. Kando yake, kwa herufi kubwa: STUDLESS. Na karibu na rimu, tarakimu nne peke yake: 4114.

Nilipokuja dukani kuuliza, kijana wa kaunta aliniambia, "Mama, ringi 14 ni ringi 14." Hiyo ndiyo sentensi iliyonifanya niandike barua badala ya kugombana pale mbele ya wateja. Ringi ni namba ya mwisho tu kati ya zile tatu. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, kikihesabiwa kama asilimia ya upana huo. Tairi nililoagiza, likiwa kwenye rimu, lina kipenyo cha takriban milimita 587. Mlilonifungia lina 557. Maana yake gari zima limeshuka karibu sentimita moja na nusu, na hapo ndipo bampu zilipopata nafasi ya kulisalimia tumbo.

Si tumbo tu. Tairi likiwa dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa safari ile ile, na spidimita haijui kwamba mmebadilisha saizi. Inaponionyesha 80, gari linakwenda 76. Hilo laweza kuonekana jambo la kheri, mtu aende polepole. Lakini kilomita nazo zinahesabiwa hivyo hivyo: gari likisema limetembea 5,000 na linataka kubadilishwa oili, kwa kweli limetembea kama 4,750. Na mimi wenye harusi ninawatoza usafiri kwa kilomita. Kwa hiyo nyinyi mmenipunja mimi, na mkanifanya niwapunje wateja wangu bila habari. Hizo pesa ndogo nitazirudisha mwenyewe, ila mjue zimetokea wapi.

Sasa nije kwenye lile linaloniudhi zaidi, nalo ni ile 75. Namba ile si pambo. Ni fahirisi ya mzigo, na 75 maana yake tairi moja limekubaliwa kubeba kilo 387, basi. Matairi yaliyokuja na gari hili yana 81, yaani kilo 462. Kila gurudumu limepungukiwa kilo 75 za uwezo, na gari zima kilo 300. Saizi mliyonipa ni ya vile vigari vya Kijapani vyenye injini ya 660cc, magari mepesi kuliko Vitz. Hayana ubaya kwenye vigari vyake. Kijana wenu akanishauri, "Ongeza upepo, itabeba." Kilo 387 tayari ni kiwango cha juu kabisa ambacho tairi lile hubeba likiwa na upepo wake kamili. Ukizidisha hapo huongezi uwezo hata kilo moja. Utakachopata ni tairi linalolika katikati na gari linalorukaruka, na mchuzi wangu unamwagika.

Q nayo ni mwendo wa mwisho, kilomita 160 kwa saa. Hiyo siigombi. Sina shughuli yoyote ya mwendo huo barabara ya Lamu.

Kuhusu STUDLESS, nilitaka kucheka lakini pesa ni zangu. Haya ni matairi ya theluji. Wajapani huyafunga majira ya baridi, barabara zinapoganda. Mpira wake umechanganywa uwe laini ili ushike barabara kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7, na uso wake wote umejaa vikato vyembamba, kana kwamba mtu ameupitia kwa wembe. Nimeubonyeza kwa ukucha saa saba ya mchana, gari likiwa juani: alama ya ukucha ilibaki. Malindi, hata mwezi wa Julai kusi likivuma, baridi yetu ni ya kujifunika leso. Kwenye lami ya moto mpira wa namna hiyo hulika upesi, na breki ukiikanyaga kwa ghafla gari huchukua masafa marefu zaidi kusimama kuliko lingechukua na tairi la kawaida. Mvua za masika zikija huwa natoka Gongoni usiku na watu wanne ndani. Nani kati yenu angepanda?

Na ile 4114 inasomwa hivi: wiki ya 41 ya mwaka 2014. Mengine mawili ni ya 2015, na la nne lina tarakimu zilizosuguliwa, sijui zimesuguliwa na nini. Tairi la mwaka 2014 halijawa "mpya" kwa sababu limepakwa dawa, na risiti yenu imeandika MPYA. Watengenezaji wakubwa hushauri tairi litolewe likifikisha miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama meno bado yapo, kwa sababu mpira huzeeka hata ukiwa stoo. La kwangu lilikwishapita umri wa kustaafu siku mliponiuzia. Watu wa mtumba pale stendi huwa wanasema waziwazi kwamba hili ni la mtumba, chukua au acha, na bei inajieleza. Nyinyi mmechukua bei ya jipya. Huku ni kuniuzia mbuzi kwenye gunia.

Kama 165/70R14 ilikuwa imekwisha, mngeniambia tu. Fundi wangu anasema ningeweza kuchukua 175/65R14, kipenyo chake ni milimita 583, tofauti isiyofika hata asilimia moja, na mengi ya saizi hiyo yana fahirisi 82, kilo 475. Yanapatikana Malindi na Mombasa, kwa kuwa magari mengi madogo huyatumia. Simu moja ingetosha. Mlikuwa na namba yangu, mlikuwa na picha, na gari lilikuwa uani kwenu, mlango wake una kibandiko kile kile.

Ninachotaka ni mojawapo ya mawili. Mnifungie matairi manne mapya ya 165/70R14 yenye fahirisi isiyopungua 81, yote ya aina moja, ya kawaida na si ya theluji, na tarehe yake nisomewe mbele yangu kabla hayajapanda kwenye rimu. Balansi na alaimenti ziwe juu yenu. Au mnirudishie shilingi 28,000 zote, mje mchukue mali yenu. Nusu ya pesa sitaki, wala "punguzo la safari ijayo" alilonitajia kijana wa kaunta.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na haki ya kupewa maelezo anayohitaji, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ipo. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, na yangu hayafiki hata robo ya robo yake. Nisingependa tufike huko. Nina shughuli nyingi kuanzia sasa hadi mwisho wa mwaka, na nyinyi nadhani mna matairi ya kuuza.

Nimeambatisha risiti, ujumbe wa M-Pesa, ujumbe wa kijana wenu, picha ya kibandiko cha mlangoni na picha za mbavu za matairi yote manne. Lile lililosuguliwa nimelipiga karibu zaidi.

Matairi bado yamo kwenye gari, ila mzigo siubebi tena. Harusi mbili nimekodi tuktuk, na risiti zake ninazo pia. Mkitaka kuja kuyaona, njooni siku yoyote asubuhi isipokuwa Alhamisi na Ijumaa. Siku hizo niko jikoni.

Mteja wenu,
Mpishi wa shughuli, mwenye Vitz ya kijivu
Maweni, Malindi