Ennanga haina gundi

Kibuli, Kampala

Ndugu yangu Ocaya,

Salaam nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa mzee. Mguu wake unaendeleaje? Sisi huku wazima, alhamdulillah, ila mvua imetubana.

Kwenye simu uliniuliza nimetumia gundi gani kuunga ennanga yangu, kile kinubi cha Waganda, nikakuahidi nitakuandikia kwa sababu jibu lake haliishi kwa neno moja. Gundi haimo, Ocaya. Msumari haumo, skrubu haimo. Ennanga imesimama kwa sababu nyuzi zake nane zinaivuta. Shingo imekaa ndani ya bakuli kama kijiko ndani ya kikombe: mguu wake unapita chini ya ngozi, unaegemea ukingo wa mti, na mvuto wa nyuzi ndio unaouzuia usitoke. Zilegeze zote kwa mara moja, utabaki umeshika shingo mkono huu na bakuli mkono ule. Adungu nyingi, vile vinubi vya huko kwenu, shingo yake inaingia kwenye tundu la mti na kutulia humo hata kabla ya kufungwa uzi wowote. Ndiyo maana nakuandikia mapema, kabla hujakigusa kile kifurushi cha vipande vya ennanga nilichokutumia. Kwenye ennanga, anayefunga nyuzi ndiye anayejenga.

Vipande vyako nimevinunua palepale nilipopata vyangu, Mpambire, kwenye barabara ya Masaka kabla ya kufika Kayabwe. Unapajua: ndipo ngoma zimepangwa kando ya lami kuanzia ndogo za watoto mpaka zile ambazo mtu mmoja hawezi kuzibeba, na ngozi zimetandazwa juani nyuma ya vibanda. Mafundi wale wanauza ala iliyokamilika. Nilimwomba mmoja anipe vipande bila kuviunga, akaniangalia kwa muda, kisha akaingia ndani akatoka na kila kitu: bakuli lililokwisha kuchimbwa, shingo iliyopinda, vigingi, ngozi mbili kavu, kamba ya ngozi ya kushonea, ule ubao mwembamba wa kupita chini ya ngozi, na vipete. Nyuzi hakunipa. Alisema nyuzi nizitafute kwa wavuvi, nami nikashuka hadi Ggaba nikanunua nailoni ya kuvulia.

Zamani nyuzi zilikuwa za utumbo na mishipa ya mnyama. Nimewahi kusikia wazee wakisema sauti ile ilikuwa nzito na laini zaidi, na sina sababu ya kuwabishia. Lakini nailoni inapatikana, haiozi, na panya hawaitaki.

Anza na bakuli. Lipige kwa kidole sehemu zote, sikiliza. Palipo na sauti butu mti bado ni mnene, kwangua kidogo kwa ndani. Usihangaike sana hapa, fundi ameshafanya kazi kubwa. Pitisha msasa kwenye ukingo tu, maana ukingo wenye ncha utakata ngozi siku ikikazwa.

Ngozi loweka usiku kucha. Ile nyembamba ni ya juu, ile nene ni ya chini, na zinaungwa kwa kamba ya ngozi inayopanda na kushuka kuzunguka bakuli lote. Kabla hujaanza kuvuta kamba, ubao wa kati uwe umeshakaa chini ya ngozi ya juu, umenyooka kutoka upande wa shingo hadi upande wa pili, kwa sababu nyuzi zote zitafungwa kwake. Nyuzi zinatoboa ngozi na kushika ubao ule. Unapozikaza, ubao unainua ngozi, na ngozi ndiyo inayotoa sauti hewani. Ukipiga uzi mtupu uliofungwa kati ya misumari miwili ukutani hausikii kitu cha maana. Ukiufunga kwenye ubao huu, nyumba nzima inasikia.

Basi sasa fika kwenye nyuzi, na hapa naomba usiharakishe.

Ngozi ingali na unyevu, ingiza mguu wa shingo mahali pake na funga nyuzi mbili za pembeni kwanza, yaani mrefu kuliko zote na mfupi kuliko zote. Zikaze kiasi cha kushika shingo tu, zisitoe sauti yoyote ya maana. Kisha funga wa katikati. Kisha nyingine, ukiruka huku na huku, ili shingo isivutwe upande mmoja ikapinda. Nailoni inateleza, kwa hiyo fundo lake lizungushie kijiti kidogo chini ya ubao, na mkia uache mrefu, usiukate mapema. Zikiwa zote nane zimeshika, weka ala kivulini. Jua la adhuhuri litapasua ngozi, na pengine bakuli pia. Iache ikauke polepole ikiwa imeshavutwa, maana ngozi inapokauka inaganda kwa umbo la mvuto ule. Ndiyo siku shingo inapopata makao.

Ikishakauka ndipo unapandisha sauti. Geuza kila kigingi kidogo, uzi wa kwanza mpaka wa nane, kisha rudi mwanzo. Utakuta wa kwanza umeshuka. Haujakatika wala fundo halijaachia; ni kwamba ulipokaza wengine saba, ngozi imeinuka na shingo imesogea, na ule wa kwanza ukapoteza sehemu ya mvuto wake. Kila uzi unabeba wenzake. Nimeipenda sana sehemu hii ya kazi. Unazunguka, unapanda kidogo, unazunguka tena, na kila mzunguko kushuka kunapungua, mpaka siku moja unakaza wa nane na wa kwanza haujatikisika. Nailoni yenyewe pia inaendelea kurefuka kwa siku kadhaa baada ya kufungwa, kwa hiyo asubuhi utaikuta imelegea hata kama haikuguswa na mtu. Watu wengi hukata tamaa hapo wakidhani vigingi ni vibovu.

Kigingi kikiteleza kweli, kitoe, kipake unga wa chaki, kirudishe huku ukikisukuma ndani unapokigeuza. Usikitie mafuta kabisa.

Kuhusu unene wa nyuzi: nimekuwekea unene tofauti kwa makusudi. Ukiwa na nyuzi mbili za nailoni zenye urefu mmoja na mkazo mmoja, ule wenye unene maradufu utatoa sauti ya chini kwa oktavu nzima, yaani kutoka do hadi do inayofuata. Ukitaka uzi uleule upande oktavu nzima kwa kuukaza tu, itakubidi mkazo uwe mara nne, na hapo utakatika au utang'oa ubao. Kwa hiyo nyuzi nene weka kwenye nafasi ndefu, nyembamba kwenye nafasi fupi, na zote ziwe na mkazo unaokaribiana mkononi. Vidole vitakuambia kabla ya masikio.

Sasa kutafuta sauti. Najua una ile programu ya simu mnayotumia kanisani kwa adungu, na kwa adungu inafaa, kwa sababu zenu zinafuata do-re-mi na mnazipiga nyingi pamoja, ndogo, za kati na ile kubwa ya besi yenye uso wa mbao. Kwa ennanga iache simu mfukoni. Muziki wa Kiganda unakwenda kwa sauti tano ndani ya oktavu, na hatua kati ya sauti na sauti zinakaribia kulingana. Klaus Wachsmann, ambaye mwaka 1948 alichukua uangalizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alipima ennanga ya Kiganda na mwaka 1950 akaandika kuhusu hatua hizo sawasawa katika jarida la Nature. Kwa hesabu ya wanamuziki oktavu ina senti 1200, basi hatua tano zinazolingana ni senti 240 kila moja. Piano haina hatua hiyo. Yake ni senti 100, na 200 kwa hatua nzima. Simu itakuvuta kila mara kwenye sauti ya piano iliyo karibu, na ukiitii utapata ala inayoimba nyimbo za shule.

Fanya hivi. Nyuzi ni nane na sauti ni tano, kwa hiyo wa kwanza na wa sita ni sauti moja kwa oktavu mbili, wa pili na wa saba vilevile, wa tatu na wa nane vilevile. Jozi hizo tatu ndizo mizani yako. Pata uzi wa kwanza kwa kimo kinachofaa koo lako, maana ennanga hupigwa na mwimbaji. Pata wa sita uwe oktavu yake safi. Kati yao kuna nyuzi nne: zigawe kwa sikio mpaka usisikie hatua yoyote iliyo pana kuliko jirani yake. Halafu wa saba na wa nane zitoke kwenye jozi zao. Itakuchukua muda, na utakapomaliza utasikia kitu ambacho hakimo kwenye redio.

Usisahau vipete. Ni vile vinavyofanana na pete ndogo, nyuzi za mgomba zilizozungushiwa ngozi ya kenge, kimoja kwa kila uzi pale shingoni chini ya kigingi. Usivitupe ukidhani ni mapambo. Sogeza kila kipete juu au chini mpaka uzi ukiguse kidogo sana, ndipo sauti inapata ule mvumo wake. Bila mvumo ule ennanga inalia uchi. Mimi nilivikalisha mwisho kabisa, nyuzi zilipokwisha kutulia, na mke wangu aliyekuwa chumba cha pili akaacha kukunja nguo akaja kuuliza ni kitu gani kile.

Umeniuliza pia kwa nini nahangaika na ala ya Waganda wakati mimi ni mtoto wa Arua niliyekua na adungu masikioni. Nitakujibu kwa moyo wote. Adungu ina watu. Iko kanisani, iko shuleni, iko arusini, imetoka kwenu Waaluri ikavuka mpaka kwa Waacholi na kwingine, na hakuna anayehofia kwamba itapotea. Ennanga ilikuwa ya chumba kimoja, ya ikulu, mpigaji wake akiitwa omulanga, akimpigia Kabaka, mfalme wa Buganda, kwa sauti ya chini. Mei 1966 jeshi la Rais Obote liliposhambulia Lubiri, ikulu ya Kabaka pale Mengo, Kabaka Mutesa II akakimbilia uhamishoni na wapigaji wakatawanyika. Mwaka uliofuata falme zikafutwa, na ziliporudi mwaka 1993 waliobaki na nyimbo zile mikononi walikuwa wachache mno. Temusewo Mukasa, aliyekuwa mpiga ennanga wa Kabaka, tunamsikia leo kwa sababu alirekodiwa. Nimemsikiliza usiku mara nyingi, mkono wa kulia unasema hivi, wa kushoto unajibu katikati yake, na sikio linasikia wimbo wa tatu ambao hakuna mkono unaoupiga. Siwezi kuipiga hivyo. Lakini nataka iwepo nyumbani mwangu, imevutwa, imepatana, ili mwanangu akue akijua sauti tano zile kama anavyojua adhana.

Ndiyo maana nimekutumia vipande badala ya ala iliyokamilika. Ala uliyonunua imekamilika, siku uzi ukikatika utaitundika ukutani. Uliyoivuta mwenyewe unajua kila uzi unabeba nini. Na siku ukibadilisha nyuzi, badilisha mmoja mmoja: toa mmoja, funga mpya, kaza, ndipo uende kwa mwingine. Usizitoe zote hata kama zimechakaa zote.

Jambo la mvua: ngozi inalegea hewa ikiwa na unyevu na sauti zote zinashuka. Usikimbilie vigingi. Iweke ndani mbali na ukuta, subiri hewa ikauke, nyingi zitarudi zenyewe. Ukikaza wakati wa mvua, jua likitoka ngozi itavuta na kitu kitapasuka. Huku kwetu karibu na ziwa nimejifunza kuipiga asubuhi ikiwa imeshuka hivyohivyo, na kuimba nayo chini.

Nailoni ya ziada nimempa kondakta wa basi la Arua, ataishusha Nebbi stendi Ijumaa. Imefungwa kwenye gazeti ndani ya mfuko mweusi, jina lako limeandikwa juu. Mwambie mzee akusaidie kupinda kamba ya ngozi, mikono yake inaijua kazi hiyo kuliko yangu. Ukifika kwenye kugawa zile nyuzi nne za kati na ukakwama, nipigie usiku baada ya isha, uweke simu karibu na bakuli, nami nitaweka yangu hapa, tusikilizane.

Wasalaam,
Rajabu