Salamu za Krismasi 2024 kutoka Kamati ya Fedha

Tumsifu Yesu Kristo!

Wapendwa wanaparokia, ndugu wa makanisa jirani, na nyote mlio mbali mkingoja kupata nauli ya kurudi nyumbani: tunawatakia Krismasi njema na Mwaka Mpya wa 2025 wenye heri, afya na amani. Mtoto aliyezaliwa Bethlehemu azaliwe katika kila nyumba na katika kila moyo.

Tunajua salamu hizi zinawakuta katika hali gani hapa Kenya. Nauli ya kwenda mashambani imepanda kama ilivyo desturi ya Desemba. Aliyeajiriwa akiitazama hati ya mshahara anakuta makato yamepangana: 1.5% ya nyumba za bei nafuu na, tangu Oktoba, 2.75% ya bima mpya ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF. Mama mboga naye anatakiwa kulipa angalau shilingi 300 kwa mwezi, tena za mwaka mzima kwa mkupuo. Shilingi 3,600 kwa mtu anayekula alichouza leo ni mtihani.

Na hatuwezi kujifanya tumesahau Juni. Tarehe 25 vijana waliingia Bungeni na risasi zikalia. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini Mswada wa Fedha, ule wa kodi mpya waliokuwa wakiupinga, lakini waliokufa walikuwa wamekwisha kufa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu imehesabu watu wasiopungua 60 waliouawa katika maandamano ya mwaka huu, na makumi ya wengine waliotekwa nyara. Kuna wazazi wanaokaa sikukuu hii bila kujua wamtafute mtoto hospitali, kituo cha polisi au mochari.

Kila tunaposema haya, huinuka mtu akasema kanisa lisijitie katika siasa. Basi aisome Injili ya Mkesha taratibu. Inaanza na amri ya Kaisari Augusto: watu waandikishwe. Yosefu hakumtoa Nazareti mke mja mzito kwa matembezi. Serikali ilitaka hesabu. Kisha arudi nyuma kidogo, Jumapili ya tarehe 15 Desemba, Luka sura ya 3. Watu walimwendea Yohane Mbatizaji wakiwa na swali moja: tufanye nini? Mwenye kanzu mbili akaambiwa ampe asiye nayo. Watoza ushuru wakaambiwa wasidai zaidi ya kilichoamriwa. Askari wakaambiwa wasimdhulumu mtu, wasimsingizie mtu, waridhike na mshahara wao. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa aongeze muda wa kusali. Kila mmoja alipewa jibu la kazi yake, mahali mkono wake unaposhika.

Sisi mikono yetu inashika sanduku la sadaka. Kwa hiyo salamu zetu za mwaka huu ni za sanduku.

Mnakumbuka yaliyotokea Soweto, Kayole, jijini Nairobi. Tarehe 14 Novemba maaskofu wetu walitoa tamko zito juu ya uongo katika uongozi wa nchi. Siku tatu baadaye, Jumapili ya tarehe 17, Rais alisali kanisani Soweto akatoa shilingi 600,000 kwa kwaya na watoto wa utume, na milioni 2 za nyumba ya mapadri, akaahidi milioni 3 nyingine na basi. Gavana wa Nairobi akaongeza 200,000. Kesho yake Askofu Mkuu Anyolo wa Nairobi akaagiza fedha zote zirudishwe, na ahadi zile zisipokelewe. Wengi walishangilia. Wengine walinung'unika, hasa wale ambao nyumba ya padri wao imesimama kwenye linta miaka saba. Tunawaelewa hao wa mwisho kuliko wanavyodhani, kwa sababu sisi ndio tunaopokea ankara za fundi.

Lakini tuseme wazi fedha hizo huharibu wapi, maana hazianzii kuharibu Ikulu. Zinaanzia sakristia. Mgeni hutangaza laki tano. Zinazofika ni laki mbili, na tatu ni "ahadi". Kumbe mwenyekiti alikwisha kumwambia fundi aagize mabati kwa hesabu ya laki tano. Deni linabaki kwa parokia, na sifa zinabaki kwa mgeni. Pili, kiasi kikubwa huja kwenye bahasha: ya padri kando, ya kwaya kando, ya vijana "ya soda" kando. Bahasha haina risiti. Kufikia Jumatano kwaya imegawanyika vipande viwili kwa ajili ya shilingi elfu chache, na hakuna anayeweza kuthibitisha nani alipokea nini. Tatu, na hili ndilo baya zaidi, Jumapili inayofuata padri akifikia neno la kusema juu ya waliotekwa, anatazama ile benchi ya mbele, anameza mate, anahubiri uvumilivu.

Tangu Januari utaratibu utakuwa huu, kwa mbunge, kwa MCA (mwakilishi wa wadi) na kwa mfanyabiashara yeyote. Sadaka ya kila mtu hupita kwenye kikapu au kwenye Paybill ya parokia, ile namba ya kulipia kwa simu, basi. Hakuna jina linalosomwa altareni, hakuna kiasi kinachotangazwa. Mgeni anakaribishwa, anaketi pale nafasi ilipo, na kipaza sauti hakimfikii. Tangu Septemba 2021 maaskofu walikwisha kusema hivyo, ila sisi wa chini ndio tulikuwa tunaulegeza uzi. Mtu akitaka kutoa zaidi ya kawaida kwa ajili ya ujenzi, aandike barua kwa Baraza la Parokia kabla, apewe risiti yenye namba kama mama aliyetoa shilingi 50. Kuhesabu ni watu watatu wasio wa ukoo mmoja, mlango ukiwa wazi: noti zipangwe kwa thamani, jumla iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, wote watatu watie saini kabla ya yeyote kutoka. Fedha zipelekwe benki Jumatatu zikiwa nzima. Msichote hata ya mafuta ya jenereta halafu mkaandika baadaye. Hapo ndipo daftari na hati ya benki huanza kupingana, na mhasibu mwaminifu huanza kuonekana mwizi.

Mtauliza, na nyumba ya padri? Tuna jumuiya ndogo ndogo 40, wastani wa familia 25 kila moja. Hizo ni familia 1,000. Zinazohitajika ni milioni 2, yaani shilingi 2,000 kwa familia, ambazo ni shilingi 100 kwa mwezi kwa miezi 20. Theluthi nzima ikishindwa, na katika mwaka kama huu itashindwa, ni miezi 30. Asiye na 100 alete kazi: kuchota maji, kubeba mawe, kupikia mafundi, nayo iandikwe daftarini kwa jina lake. Nyumba itachelewa, lakini itakuwa haina mwenyewe ila sisi.

Jueni pia majaribu yanakuja. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na Sheria ya Uchaguzi inamnyima ugombea mtu atakayeshiriki harambee katika miezi minane kabla yake, yaani kuanzia Desemba 2026. Piga hesabu: wenye bahasha watakimbizana na tarehe hiyo. Krismasi ya mwakani ndiyo itakayojaa wageni. Tujizoeze sasa, kabla hawajaja.

Kuna Januari mosi mbili ambazo kila Mkenya anayekwenda kanisani angezikumbuka. Ya kwanza ni ya 1990. Mchungaji Timothy Njoya wa Presbiteri alihubiri siku hiyo kwamba utawala wa chama kimoja ulioporomoka Ulaya Mashariki hauwezi kudumu hapa. Mawaziri wakamrukia. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa, na vyama vingi vikarudi. Ya pili ni ya 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, Kiambaa karibu na Eldoret, ambako watu waliokimbilia kanisani wakitafuta usalama walichomwa moto humo ndani, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Wakati huo mimbari nyingi zilikuwa zimekwisha kugawanyika kwa makabila na vyama, na mwezi uliofuata viongozi wa Baraza la Makanisa walikiri hadharani kwamba walikuwa wameegemea upande. Nyimbo zilikuwa zilezile, Biblia ileile. Mwaka 1990 mhubiri hakuwa na deni la mtu. Ndugu zangu, mimbari yenye deni haiokoi mtu siku moto unapowaka!

Jumamosi tarehe 28 ni Watoto Mashahidi, wale waliouawa na Herode kwa sababu mfalme aliogopa kitoto kichanga. Misa ni saa moja asubuhi, na itaombewa nia ya vijana wote waliouawa na waliopotea mwaka huu. Kwaya itaimba Utukufu bila sauti moja ya besi tuliyoizoea. Jina lake sitaliandika hapa. Mama, ukisoma haya utajua ni wewe: tunakuja nyumbani baada ya Misa, usipike, chakula tunakuja nacho. Mimi nitakuja hata wengine wakichelewa.

Wapendwa, tusijidanganye kwamba mtu anaweza kuwa mtakatifu Jumapili akawa kitu kingine kwenye foleni ya kura. Anayempokea Bwana kwa ulimi uleule asiuze kura kwa kilo mbili za unga. Karani anayepiga magoti asubuhi asimwambie mjane mchana "tengeneza kitu kidogo". Askari wa parokia yetu, na mko wengi, mlilisikia jibu la Yohane. Lilikuwa lenu kwa jina la kazi yenu. Ninyi vijana mliokata tamaa na kanisa kwa sababu mlituona tukipiga makofi pale mbele, rudini mtukemee mkiwa ndani. Nafasi tatu za wahesabu sadaka ziko wazi. Moja ni ya kijana aliye chini ya miaka 30.

Ratiba: Mkesha ni saa tatu usiku, Krismasi saa moja na saa nne asubuhi. Bahasha za jumuiya zitagawiwa Jumapili tarehe 29, na taarifa ya mapato na matumizi ya 2024 itabandikwa mlangoni siku hiyohiyo, pamoja na madeni.

Mungu awabariki, awalinde njiani, awape riziki ya halali na mavuno mema. Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya 2025.

Kamati ya Fedha ya Parokia