Riwaya ya mapenzi na uchawi wa Krismasi: ya kuangalia kabla ya kikao

Habari zenu wapendwa. Kabla ya Jumamosi, kila mmoja arudie sura 3 za mwanzo na 3 za mwisho, penseli mkononi.

Hadithi za aina hii huangushwa zaidi na uchawi usio na masharti. Kama kengele ya kanisani inatimiza maombi, tujue mapema inatimiza mangapi, ya nani, na mwombaji anapoteza nini. Sharti likizuka mwishoni, wapenzi wakiwa wameshakwama, msomaji anahisi ametapeliwa, na ana haki kabisa. Pigeni mstari pale linapotajwa mara ya kwanza. Likipita robo ya kitabu, limechelewa.

Halafu kalenda. Mgeni anafika mjini tarehe 20 Desemba, mkesha wa Krismasi, tarehe 24, anachumbiwa. Siku 4 tu! Dawa yake ni kuwapa hao wawili historia ya zamani, au kuisogeza hadithi hadi 6 Januari, sikukuu ya Epifania.

Na wenyeji wa mji: mwokaji mikate, bibi mwenye duka, wote kazi yao ni kuwasukuma wapenzi tu. Yeyote asiye na haja yake mwenyewe, andikeni jina lake pembeni tumjadili.