Kuku wa shamba la Mkuranga: tukutane Jumamosi

Habari za jioni wanakikundi, poleni na majukumu.

Usiku wa jana kuku wanne wamechukuliwa tena. Kuna shimo limechimbwa chini ya ukuta wa banda, manyoya yametapakaa hadi kwenye mikorosho. Huyo ni mnyama, siyo mwizi, kwa hiyo kufuli jipya halitusaidii.

Jumamosi saa 2 asubuhi, shambani:
1. Tunafukia wavu kuzunguka banda, futi moja na nusu kwenda chini. Uwe wa matundu madogo. Kicheche kichwa kikishapita, mwili unafuata.
2. Kufyeka majani karibu na banda.
3. Chanjo ya kideri, miezi mitatu imeshatimia.

Mchango ni sh. 15,000 kila mmoja, umfikie mtunza hazina kabla ya Alhamisi jioni. Mwenye sururu aje nayo.

Halafu, usiku pale hakuna mtu. Jirani yuko tayari kuwafungia kuku jioni na kuwafungulia asubuhi kwa sh. 40,000 kwa mwezi. Mimi naona tukubali, kuku tuliopoteza wanazidi hizo.

Naomba kila mmoja ajibu leo: NIPO au SIPO, na kuhusu jirani NDIYO au HAPANA. Asanteni.