Kilo zikishaandikwa zifungwe

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mimi natengeneza mifumo ya kompyuta hapa Moshi na kuna jambo linanikera kwenye mifumo mipya ya vyama vya msingi na saccos. Mkulima wa Kibosho anapeleka kahawa chamani, inapimwa, anapewa risiti ya kilo 86, siku ya malipo kompyuta inasoma 68 na ukiuliza nani kabadilisha hakuna anayejua, mara ooh mtandao ulisumbua, mtandao gani huo unageuza 86 kuwa 68 jamani!

Madevelopa wengi wakiambiwa namba fulani isibadilike wanaficha tu kitufe cha kuediti kwenye skrini. Sasa mwenye paswedi ya databesi, yaani ghala la kompyuta linalotunza hizo kilo, yeye skrini ya nini, anaingia moja kwa moja anaandika UPDATE (amri ya kubadilisha) ya mstari mmoja, kazi kwisha. Kufuli liwekwe kwenye databesi yenyewe. Kwenye PostgreSQL, ambayo ni programu ya databesi, unaandika triga, yaani kanuni inayojiendesha yenyewe humo ndani, inayoangalia kolamu (safu) ya kilo kila mtu akitaka kuapdeti, thamani mpya ikitofautiana na ya zamani inagoma na kutoa erro, na MySQL, programu nyingine ya namna hiyo, nayo inaweza. Kolamu inayoanza tupu, mfano tarehe ya malipo, unairuhusu ijazwe mara moja, NULL (alama ya kuwa tupu) ikishatoka basi. Na DELETE (amri ya kufuta) uizibe pia, maana mjanja atafuta mstari mzima auandike upya.

Ila wengi wanachemka kwenye akaunti ya kuingilia databesi. Programu inaingia kama mmiliki wa jedwali lenye hizo kilo, na mmiliki anaweza kuizima triga, akabadilisha anachotaka, akaiwasha tena kama hakuna kilichotokea. Programu ipewe akaunti yake ndogo, yenye ruhusa ya kuapdeti kolamu zile tu zinazotakiwa kubadilika.

Najua makarani watasema je nikikosea? Ukikosea andika mstari mpya unaorekebisha ule wa kwanza, na jina lako na saa vionekane, mbona wahasibu wa daftari wanakata mstari wanasaini pembeni na hawajawahi kulalamika.

Kwa hiyo viongozi wa vyama, kabla hamjasaini kupokea mfumo mwambieni fundi aingie kwenye databesi kwa akaunti ya programu, mbele yenu, ajaribu kubadilisha kilo za mwanachama mmoja. Ikikubali msimlipe.

Fundi programu,
Moshi