Nguvu ya asasi za kimataifa iko kwenye karatasi, si kwenye mabango

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie jambo ambalo magazeti huligusa juujuu: namna asasi za kiraia zinazovuka mipaka ya nchi zinavyoingia katika siasa za dunia. Wapo wanaoziandika kama watu wa mabango na kelele, na wapo wanaoziandika kama serikali ya siri inayowaendesha marais. Pande zote mbili hazijaitazama kazi yenyewe. Asasi hizi hupata nguvu kwa kuandika rasimu, kuhesabu kura na sahihi, kisha kufuatilia mwaka hadi mwaka wanadiplomasia wakisharudi makwao. Zinapokwama, hukwama hapo hapo.

Chukua mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini. Mwaka 1992 mashirika sita yaliungana kuanzisha kampeni ya kimataifa, Jody Williams akiwa mratibu. Mwanzoni yalipita njia ya kawaida, yaani mapitio ya Mkataba wa Silaha za Kawaida wa 1980, yaliyofanyika kati ya 1995 na 1996. Njia hiyo ilikuwa na kikwazo kimoja kilichotosha kuua kila pendekezo zito: uamuzi ulitakiwa ufikiwe kwa maafikiano ya wote, kwa hiyo nchi moja ikikataa, shughuli imekwisha. Mapitio yalimalizika Mei 1996 kwa kanuni za kudhibiti tu matumizi ya mabomu hayo. Marufuku haikupatikana.

Hapo kampeni ikabadili mkakati. Iliacha kuwabembeleza wakubwa, ikazitafuta nchi zilizokuwa tayari. Oktoba 1996 Waziri wa Mambo ya Nje wa Kanada, Lloyd Axworthy, akiwa mwenyeji wa mkutano mjini Ottawa, aliwaalika wajumbe warudi kabla ya mwisho wa 1997 kusaini mkataba kamili. Austria ikaandaa rasimu. Mazungumzo ya mwisho yalifanyika Oslo Septemba 1997, na safari hii kanuni za mkutano ziliruhusu uamuzi kwa theluthi mbili ya kura endapo maafikiano yangeshindikana. Marekani ilipotaka mabomu yaliyoko rasi ya Korea yaachwe nje ya marufuku, haikuwa na kura ya turufu ya kuilinda hoja hiyo, nayo ikaanguka. Kampeni yenyewe ilikuwa ndani ya ukumbi, ina kiti na ruhusa ya kusema. Desemba mwaka huo nchi 122 zilisaini, na nchi ya 40 iliporidhia, yaani ilipouthibitisha rasmi baada ya kusaini, mkataba ukapata tarehe ya kuanza kutumika: 1 Machi 1999.

Ukisoma vifungu vyake utaona mkono wa watu waliojua mikataba hufia wapi. Kila nchi imepewa miaka 4 kuteketeza shehena iliyoko ghalani na miaka 10 kusafisha ardhi yake, na Kifungu cha 7 kinaitaka itoe taarifa kila mwaka. Hata hivyo, mkataba haukuunda chombo cha kudumu cha ukaguzi. Pengo hilo kampeni ililiziba yenyewe: tangu 1999 watafiti wake hutoa ripoti ya mwaka inayopita nchi moja baada ya nyingine, ikieleza shehena iliyobaki, ardhi iliyosafishwa, waliouawa na waliojeruhiwa, na fedha zilizotolewa. Serikali ikitangaza kwamba imemaliza kusafisha mkoa fulani, tarakimu zake huwekwa kando ya zile zilizokusanywa na watu wengine. Wanadiplomasia wenyewe huingia mikutanoni na ripoti hiyo mkononi, kwa sababu wizara nyingi hazina mtu wa kuikusanya.

Mfumo huo huo umetumika mara kadhaa. Muungano wa asasi ulioanzishwa 1995 kupigania Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu ulikwenda Roma 1998 ukiwa umegawa watu wake katika timu, kila timu na sehemu yake ya rasimu. Ujumbe wa watu wawili kutoka nchi ndogo hauwezi kukaa katika vikao vitano vinavyokwenda kwa wakati mmoja, hivyo ulitegemea muhtasari wa timu hizo kujua kilichosemwa kwingine. Kura ya kupitisha mkataba wa mahakama hiyo, tarehe 17 Julai, ilikuwa 120 kwa 7, huku 21 zikijizuia. Mabomu ya mtawanyiko yakafuata 2008, biashara ya silaha 2013, na silaha za nyuklia 2017.

Hata hivyo, mkataba kupatikana hauna maana kwamba mwenye silaha amezisalimisha. Mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia ulipitishwa Julai 2017 kwa kura 122 na ukaanza kutumika 22 Januari 2021, lakini hakuna nchi hata moja yenye silaha hizo iliyojiunga. Hata mkataba wa Ottawa, ule wa mabomu ya kutegwa ardhini na fahari ya harakati hizi, umetikisika: mwaka 2025 Estonia, Latvia, Lithuania, Finland na Poland zilitoa taarifa rasmi za kujitoa, kwa sababu ya hofu ya Urusi. Kifungu cha 20 kinataka miezi sita tu ipite, ila nchi iliyomo vitani hairuhusiwi kutoka mpaka vita viishe. Hapa nina maoni yangu, na si kila mtu katika harakati hizi atayapenda. Kampeni iliwekeza mno katika kuongeza idadi ya nchi zilizoridhia, ikawekeza kidogo katika kuwashawishi wakuu wa majeshi na wabunge wa nchi ambazo tayari zilishasaini. Ilichukuliwa kwamba aliyeingia hatoki. Hofu iliporudi mipakani, bungeni hakukuwa na watu wa kutosha waliokuwa tayari kuutetea mkataba.

Tatizo la pili liko mlangoni, pale asasi zinapoomba kuingia Umoja wa Mataifa, na ndilo linaloandikwa kidogo kuliko yote. Kifungu cha 71 cha Hati ya Umoja wa Mataifa kinaliruhusu Baraza la Uchumi na Jamii kushauriana na mashirika yasiyo ya kiserikali. Mwaka 1946 mashirika 41 yalipewa hadhi hiyo ya mashauriano. Leo yanazidi 6,000. Anayesoma tarakimu hizo peke yake atadhani mlango uko wazi. Maombi hupitia kwanza kwenye kamati ya nchi 19. Shirika linatakiwa liwe limesajiliwa kwa angalau miaka miwili, liwe na katiba, makao yanayojulikana, hesabu za fedha na utaratibu wa kuwajibika kwa wanachama wake. Hayo ni ya haki kabisa. Kinachokwamisha ni maswali: mjumbe mmoja tu akiuliza swali, ombi husogezwa hadi kikao kijacho, na vikao ni viwili kwa mwaka. Anaweza kutaka mchanganuo wa bajeti, kisha orodha ya washirika, kisha ufafanuzi wa jina la mahali lililoandikwa kwenye tovuti. Shirika likijibu yote, kikao kinachofuata huja na swali jipya. Mtandao wa kimataifa wa kutetea Wadalit, watu wanaobaguliwa kwa kuwekwa chini kabisa katika mfumo wa matabaka wa Asia Kusini, uliomba 2007, ukaulizwa maswali zaidi ya mia moja, na ukapata hadhi Desemba 2022, tena kwa kura ya Baraza lenyewe baada ya kamati kuukwamisha.

Kwa nini watu wavumilie miaka kumi na mitano kwa ajili ya hadhi? Tazama mapitio ya haki za binadamu ambayo kila nchi mwanachama hupitia Geneva kila baada ya miaka minne na ushei. Asasi yoyote, iwe na hadhi au isiwe nayo, inaweza kupeleka taarifa isiyozidi maneno 2,815; zikiungana kadhaa, 5,630. Taarifa zote za asasi kuhusu nchi hiyo hufupishwa katika waraka wa kurasa 10 hivi. Kikao cha mapitio huchukua saa tatu na nusu, na ndani yake ni serikali tu zinazosema. Asasi hupata zamu miezi kadhaa baadaye, wakati matokeo yanapopitishwa, nayo ni dakika 20 za kugawana wote. Yaani wasemaji karibu kumi, na wote sharti wawe wa mashirika yenye hadhi. Asiye nayo huomba kuazimwa jina la mwenzake. Serikali zinazolijua hilo huyajaza maombi ya kusema kwa mashirika zilizoyaunda zenyewe, na dakika zote zikaishia katika kuisifu nchi.

Asasi zenye uzoefu haziitegemei zamu hiyo. Mapendekezo ambayo nchi A huipa nchi B huandikwa katika wizara za mambo ya nje wiki kadhaa kabla ya kikao. Kwa hiyo kazi halisi ni kupeleka karatasi ya ukurasa mmoja kwenye balozi mwezi mmoja au miwili mapema, yenye mapendekezo mawili au matatu yaliyokwisha kuandikwa kwa lugha ya kidiplomasia, yakitaja sheria na kifungu. Pendekezo la "kuheshimu uhuru wa habari" serikali hulikubali kwa furaha kwa kuwa haliipi kazi yoyote. Pendekezo la kufuta kifungu fulani cha sheria fulani huilazimisha iseme ndiyo au hapana mbele ya wote, na jibu hilo hufuatiliwa katika mapitio yanayofuata. Makosa ninayoyaona mara nyingi ni mawili: taarifa nzuri inayofika baada ya tarehe ya mwisho, na taarifa inayoorodhesha kila tatizo la nchi mpaka hakuna hata moja linalokumbukwa.

Pia kuna milango ambayo wengi hawaijui. Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia lilianzishwa 1993 baada ya harakati za kupinga bwawa la Sardar Sarovar nchini India. Watu wawili au zaidi wanaoona kwamba mradi wa Benki umewadhuru, au utawadhuru, wanaweza kulipelekea barua kwa lugha yao, bila hadhi yoyote, ila sharti waonyeshe kwamba kwanza walikwishawalalamikia maofisa wa Benki. Shauri la kwanza lilikuwa la bwawa la Arun III, Nepal, 1994. Mwaka uliofuata Benki ikajitoa katika mradi huo.

Sasa fedha. Baada ya Septemba 2001 kikosi kazi cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, FATF, kilitoa pendekezo lililoyaelezea mashirika yasiyo ya faida kuwa yako hatarini hasa kutumiwa na magaidi. Sentensi hiyo ikawa kisingizio cha sheria kali katika nchi nyingi, na benki zikaanza kufunga akaunti za mashirika kwa kuogopa usumbufu. Muungano wa mashirika ulifanya kazi ya miaka hadi maneno hayo yakaondolewa Juni 2016. Hakuna aliyeandamana, na nadhani hakuna ushindi uliogusa asasi nyingi kuliko huo. Ila sheria zenyewe zilibaki, au zikaja nyingine. Ethiopia iliyazuia mashirika yanayopata zaidi ya asilimia 10 ya fedha zake kutoka nje yasishughulikie haki za binadamu, kuanzia 2009 hadi ilipobadili sheria 2019. India, kwa marekebisho ya 2020, ilikataza shirika linalopokea fedha za nje kuligawia shirika jingine, ikashusha kiwango cha juu cha fedha hizo kinachoruhusiwa kwa gharama za utawala kutoka asilimia 50 hadi 20. Katazo la kugawiana ndilo lenye madhara zaidi, kwa sababu shirika kubwa la mjini ndilo lililokuwa likilipitishia fedha lile dogo la kijijini, na dogo ndilo lenye ushahidi.

Utegemezi huo ni udhaifu wa asasi zenyewe pia. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilipofungwa rasmi Julai 2025, asasi nyingi zilijikuta hazina mpango wa pili. Anayedai serikali iweke bajeti yake wazi anapaswa kuweka hesabu zake zilizokaguliwa, wafadhili wake na bodi yake mahali ambapo mwananchi anaweza kuziona. Baadhi ya mashirika makubwa yalisaini mkataba wa uwajibikaji 2006. Mengi bado.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Habari ya mkataba mpya inapofika mezani, andikeni nchi ngapi zimeridhia na ngapi zinahitajika, kama uamuzi ni kwa kura au kwa maafikiano, na nani analipia ufuatiliaji. Kamati ya nchi 19 inapokutana New York, mtumeni mwandishi aandike nani aliuliza swali gani, na ni kwa mara ya ngapi. Na nchi yoyote inapokaribia zamu yake ya mapitio, chapisheni tarehe ya mwisho ya kupokea taarifa mapema, asasi ndogo zikiwa bado na muda wa kuandika maneno yao 2,815.

Msomaji wako